Wafuasi wapo, tovuti ipo, oda hazipo: tatizo liko kwenye kiungo

Mwenye biashara ndogo akishauriwa afungue tovuti, swali lake la kwanza huwa: ya nini, wakati wateja wangu wote wako Instagram na WhatsApp? Swali la haki kabisa. Upande wa pili yupo aliyemlipa fundi, akatengenezewa tovuti yenye picha kubwa na ukurasa wa "Kuhusu Sisi", kisha miezi ikapita bila mtu kubisha hodi. Wa kwanza ana watu na hana pa kuwapeleka. Wa pili ana pa kuwapeleka na hana watu.

Wote wawili huishia kubishana kitu kimoja: tovuti au mitandao ya kijamii? Ubishi huo hauna faida, kwa sababu vitu hivi viwili havifanyi kazi moja. Kinachoamua kama mtu ataagiza ni kipande kidogo kilicho katikati yake, yaani kiungo anachobofya kutoka kule kuja huku, na yale yanayotokea sekunde chache baada ya kubofya. Kipande hicho ndicho kisicho na mwenyewe. Fundi wa tovuti hakiangalii, na anayeposti hakiangalii.

Kila kimoja na kazi yake

Facebook, Instagram, TikTok na wenzao wanaishi kwa matangazo, na tangazo linahitaji mtu aliyetulia ndani ya programu akiendelea kutazama. Ndiyo maana kinachomjia mfuasi wako kwenye skrini hakifuati nani ameposti mwisho. Algoriti, yaani kanuni za kompyuta za mtandao huo, ndiyo inayopanga, ikikisia kitu gani kitamshika mtu yule zaidi. Posti inayomwambia atoke aende kwenye tovuti yako inakwenda kinyume na shabaha hiyo. Sisemi kuna njama. Ni biashara yao, na wanaifanya vizuri.

Matokeo yake ni kwamba mtu akikufuata hajaahidiwa kuona unachoweka. Facebook ilifungua kurasa za biashara Novemba 2007, na katika miaka ya mwanzo posti ya ukurasa iliweza kuwafikia wafuasi wengi bila kulipia. Baadaye mambo yakabana. Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba mpasho, yaani mfululizo wa posti anaoukuta mtu akifungua Facebook, utatanguliza posti za ndugu na marafiki, na zile za biashara na vyombo vya habari zitapungua. Aliyekuwa amekusanya wafuasi kwa miaka akajikuta analipia kuwafikia watu wale wale waliokwisha kubali kumfuata. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Halafu kuna siku mtandao wenyewe haupo. Tarehe 4 Oktoba 2021, kosa lililofanyika wakati wa matengenezo ya kawaida liliikata mitandao ya ndani ya kampuni ya Facebook, na njia zinazoelekeza intaneti kwenye seva zake zikafutika. Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Aliyeonyesha bidhaa Instagram, akapokea oda WhatsApp na kutangaza Facebook alidhani amegawanya hatari mara tatu, kumbe zote ni za kampuni moja. Wengine walipoteza zaidi ya saa sita: Vine ilifungwa Januari 2017, Google+ ikafungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019, na India ilipiga marufuku TikTok Juni 2020. Hata tovuti ndogo za bure ambazo Google iliwatengenezea wenye wasifu wa biashara zilizimwa Machi 2024. Kwa hiyo kuitwa "tovuti" peke yake hakutoshi kuwa chako.

Chako hasa ni jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti yako; wengine husema domeni. Hilo nalo hulimiliki milele. Unalisajili kwa mwaka mmoja au zaidi, kisha unalipia upya. Lakini kampuni inayohifadhi tovuti ikikuudhi, unahamisha mafaili kwingine na anwani inabaki ile ile, na mteja hajui kama umehama. Wafuasi huwezi kuwahamisha hivyo. Hapa kuna jambo ambalo ningelirudia mara tatu kama mhariri angeniruhusu: kikoa kisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, usikubali kisajiliwe kwa jina la fundi. Kwa msajili, yaani kampuni inayosajili vikoa, mwenye kikoa ni yule aliyeandikwa kwenye akaunti. Mkikosana na fundi, au akibadili namba na kupotea, unaweza kubaki unaitazama tovuti yako mwenyewe bila uwezo wa kuigusa.

Kitu kingine kilicho chako ni orodha ya mawasiliano ya wateja waliokubali kutafutwa, iwe ya barua pepe au ya namba za simu. Orodha hiyo haipangwi na algoriti ya mtandao wowote. Ukitaka kujua mitandao ya kijamii ikufanyie nini hasa, jibu langu ni hili: iwafanye wageni wakujue, kisha iwalete mahali ambapo watakuachia oda au mawasiliano. Idadi ya wafuasi ni furaha ya pembeni.

Kiungo kinaenda wapi

Kosa la kawaida kuliko yote ni kumpeleka kila mtu kwenye ukurasa wa mwanzo. Mtu ameona video ya bidhaa moja, ameipenda, amebofya. Anafika, anakuta picha ya makaribisho, menyu, na historia ya kampuni. Aliyoitaka iko wapi? Anapekua kidogo, kidole kinachoka, anarudi alikotoka. Hujamkosa kwa sababu ya bei wala ubora. Umempoteza njiani.

Dawa yake ni ya kuchosha ila haina mbadala: kila bidhaa au huduma unayoiposti iwe na ukurasa wake wenye anwani yake, na ukurasa huo uwe na picha ile ile aliyoiona, bei, na njia moja ya wazi ya kuagiza. Bei ninaiandika makusudi. Desturi ya "bei njoo inboksi" inaweza kuanzisha mazungumzo, lakini inamlazimisha mtu aombe kitu ambacho angekisoma mwenyewe usiku wa manane, na wewe inakufunga kazi ya kujibu swali moja siku nzima. Kama bei inategemea kazi yenyewe, andika inaanzia ngapi na kinachoipandisha ni nini.

Kila mtandao una sheria zake za viungo. Kwenye Instagram, anwani uliyoiandika kwenye maelezo ya posti haibofyeki. Ni maandishi tu, na hakuna anayeinakili. Kiungo kinachofanya kazi kiko kwenye wasifu, ambako tangu Aprili 2023 unaweza kuweka hadi vitano, na kwenye stori. Zamani kiungo cha stori kilikuwa cha wenye wafuasi 10,000 au waliothibitishwa; Oktoba 2021 kikafunguliwa kwa wote kupitia stika. Kutokana na ubanaji huo zimezuka huduma za kupanga viungo vingi kwenye ukurasa mmoja, Linktree ikiwa ndiyo maarufu. Hazina ubaya, lakini mwenye tovuti hazihitaji. Tengeneza ukurasa mwepesi ndani ya tovuti yako wenye vitufe vitano au sita, uweke huo kwenye wasifu. Mgeni atakuwa ameshaingia kwako tangu hatua ya kwanza.

WhatsApp inastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo biashara ndogo nyingi hufunga mauzo. Kuna anwani fupi inayoanza na wa.me, ikifuatiwa na mkwaju (/) na namba yako kamili kuanzia msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi na bila sifuri ya mbele. Anayebofya anafunguliwa mazungumzo na wewe hata kama hajahifadhi namba yako. Baada ya namba unaweza kuongeza ?text= na ujumbe uliokwisha andikwa, kwa hiyo kitufe kilicho kwenye ukurasa wa bidhaa fulani kinafungua mazungumzo yenye maneno "Habari, naulizia bidhaa hii" pamoja na jina lake. Mteja anabonyeza tuma tu. Wewe nawe unajua ametoka ukurasa upi kabla hajasema neno. Ni kazi ya dakika chache, na bado tovuti nyingi zimeandika namba ya simu kama picha ambayo hata kunakili haiwezekani.

Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka Januari 2018, ina majibu ya haraka, lebo za kupanga wateja, na katalogi, yaani orodha ya bidhaa zenye picha na bei, iliyoongezwa Novemba 2019. Katalogi ni nzuri, ila kila bidhaa iliyomo iwe na kiungo cha ukurasa wake kwenye tovuti. Vinginevyo utakuwa na maduka mawili yenye bei mbili tofauti, na mteja atakayeligundua hilo hatakuwa mpole.

Kinachoonekana kabla ya kubofya

Ukibandika kiungo kwenye Facebook au WhatsApp kinatokea kisanduku chenye picha, kichwa cha habari na maelezo mafupi. Wengi hudhani mtandao umebuni wenyewe. Hapana: umesoma ukurasa wako na kuchukua ulichokiandaa. Mwaka 2010 Facebook ilileta utaratibu uitwao Open Graph, na mitandao mingine ikaufuata. Ni mistari michache inayowekwa kwenye msimbo wa ukurasa: og:title kwa kichwa, og:description kwa maelezo, og:image kwa picha, og:url kwa anwani rasmi. Mistari hiyo isipokuwepo, mtandao unakisia, na makisio yake ndiyo yanayoleta picha ya nembo iliyokatwa nusu, au kichwa kinachosema "Mwanzo".

Huhitaji kujua kuandika msimbo. Ukitumia WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, programu-jalizi (programu ndogo za kuongeza juu yake) kama Yoast SEO zinaandika mistari hiyo kwa niaba yako. Wewe unachagua picha na maneno. Picha ya upana wa pikseli 1200 na urefu wa 630 inafaa mahali pengi. Usiijaze maandishi madogo, maana wengi wataiona kwenye simu ikiwa na ukubwa wa kidole gumba.

Kuna kero moja inayowatoa watu jasho: umebadilisha picha, lakini Facebook inaendelea kuonyesha ile ya zamani. Ni kwa sababu mtandao huhifadhi nakala ya ulichosoma mara ya kwanza. Facebook ina chombo kiitwacho Sharing Debugger, ambacho unakipa anwani na kukiagiza isomwe upya. Kwa WhatsApp, kisanduku hutengenezwa na simu ya anayetuma, kwa hiyo ujumbe uliokwisha tumwa hautabadilika. Jaribu kiungo kwa kujitumia mwenyewe kabla hujawatumia watu mia.

Baada ya kubofya

Sasa tuingie mahali ambapo hata mafundi wazuri hawafiki. Mtu akibofya kiungo ndani ya Instagram au Facebook, mara nyingi ukurasa haufunguki kwenye Chrome au Safari ya simu yake. Unafunguka ndani ya kivinjari kidogo kilichomo kwenye programu yenyewe. Kivinjari hicho hakina nywila alizohifadhi, hakikumbuki kwamba aliwahi kuingia kwenye tovuti yako, na kapu alilojaza jana halimo. Kama umeweka kitufe cha "Ingia kwa Google", kinaweza kukataa kabisa, kwa sababu Google hairuhusu watu kuingia kupitia vivinjari vilivyopachikwa ndani ya programu nyingine. Mteja anaona ujumbe wa kosa usioeleweka. Wewe ukijaribu kwenye kompyuta yako, kila kitu kinafanya kazi, na unamlaumu mteja.

Kwa hiyo tovuti ijaribiwe kwa njia anayopita mteja: chukua simu ya kawaida, fungua Instagram, bofya kiungo cha wasifu wako, agiza kitu hadi mwisho. Ukikwama, mteja pia amekwama. Na usimlazimishe mtu kufungua akaunti ili anunue. Jina, namba na mahali pa kupeleka mzigo vinatosha kuanzia.

Uzito wa ukurasa nao una neno lake. Kipimo cha Google kinasema kipande kikubwa kuliko vyote kinachoonekana ukurasa unapofunguka, iwe picha au maandishi, kinapaswa kuwa kimetokea ndani ya sekunde 2.5. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu ina megabaiti kadhaa, na ukiweka kumi ukurasa unakuwa mzigo hata kwa mtandao mzuri. Zipunguze ukubwa kabla ya kuzipandisha, au tumia muundo wa WebP ambao hubana picha bila kuiharibu sana.

Hapo hapo niseme kuhusu pambo linalopendwa: kupachika mpasho mzima wa Instagram kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti. Mimi siupendi. Unapakua msimbo wa watu wengine na kuuchelewesha ukurasa, na kila picha ndani yake ni mlango wa kumrudisha mgeni kule ulikohangaika kumtoa. Kama unataka kuonyesha kazi zako mpya, pandisha picha tatu mwenyewe.

Nani katoka wapi

Bila kupima, utabaki unaamini kwamba mtandao unaokupa sifa ndio unaokupa pesa. Njia ya kawaida ni kuongeza lebo mwishoni mwa anwani, kwa mfano ?utm_source=instagram&utm_medium=stori&utm_campaign=ofa. Lebo hizi zilitokana na Urchin, programu ambayo Google iliinunua mwaka 2005, na leo zinasomwa na Google Analytics pamoja na vipimo vingine vingi. Haziubadilishi ukurasa, zinaacha alama tu kwamba mgeni huyu katoka stori ile.

Mambo mawili huharibu hesabu hizi. La kwanza ni herufi: "Instagram" na "instagram" zinahesabiwa kama vyanzo viwili, kwa hiyo andika kwa herufi ndogo daima. La pili ni kubandika lebo kwenye viungo vya ndani ya tovuti yenyewe, jambo ambalo linafunika chanzo halisi cha mgeni na kukuacha ukiamini kwamba watu wanatoka kwenye bango lako mwenyewe.

Hata ukifanya yote sawasawa, sehemu ya wageni itaonekana kama "moja kwa moja", yaani hawakutoka popote. Wengi wao wametumiwa kiungo na rafiki kwenye WhatsApp au barua pepe, na programu hizo kwa kawaida hazisemi mtu ametoka wapi. Upande wa matangazo nako mwanga umepungua: tangu toleo la 14.5 la mfumo wa iPhone, Aprili 2021, programu inabidi imwombe mtu ruhusa kabla ya kumfuatilia kwenye programu na tovuti za kampuni nyingine, na wengi hukataa. Hivyo namba za kwenye dashibodi ya matangazo zichukuliwe kama makadirio. Kwa biashara ndogo, swali "umetujuaje?" kwenye fomu ya oda linaziba pengo kubwa, tena bila gharama.

Wengine huuliza kama posti nyingi zitawapandisha kwenye utafutaji wa Google. Si moja kwa moja. Viungo vya kwenye mitandao ya kijamii kwa kawaida huwekewa alama ya "nofollow", ambayo tangu 2005 huziambia injini za utafutaji zisivihesabu kama kura. Faida inakuja kwa mzunguko: watu wanakujua kwa jina, wanakutafuta kwa jina. Na maswali yanayojirudia inboksi ni hazina hapa. Ukijibu swali moja mara nyingi, liandike kama ukurasa kwenye tovuti. Posti itazama baada ya siku chache; ukurasa utaendelea kujibu.

Kuhusu mtandao upi uchague, sina mengi. Mmoja unaoumudu kila wiki ni bora kuliko minne iliyolala. Kwenye mingine sajili jina tu, mtu mwingine asilichukue.

Usalama ni sehemu ya kiungo pia, kwa sababu akaunti ikiibwa, mwizi hubadilisha kwanza anwani iliyo kwenye wasifu na wateja wako wanaanza kupelekwa kwake. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Ujumbe unaodai kwamba ukurasa wako utafungwa kwa kukiuka hakimiliki, bofya hapa ndani ya saa 24, ni mtego unaojulikana. Maonyo ya kweli utayakuta ndani ya mipangilio ya akaunti yenyewe. Mfanyakazi asipewe nywila yako, apewe nafasi yake ya kusimamia ukurasa ambayo unaweza kuifuta akiondoka. Na ukurasa wa Facebook uwe na wasimamizi wawili, maana akaunti binafsi ya msimamizi pekee ikifungiwa, ukurasa unabaki yatima.

Basi ukikuta mauzo hayasogei, usikimbilie kubadili rangi za tovuti wala kuongeza pesa za matangazo. Angalia mahali watu wanapoishia. Kama posti zinaonekana na hazibofywi, tatizo ni kisanduku cha kiungo au ahadi iliyo kwenye posti. Kama wanabofya na kuondoka bila kufika ukurasa wa pili, tazama uzito wa ukurasa na kama walikuta walichokifuata. Kama wanafika hadi kwenye fomu ya oda na kuiacha, fungua fomu hiyo ndani ya kivinjari cha Instagram uijaze mwenyewe. Na kama wanakuandikia WhatsApp kisha kimya, tovuti imeshamaliza kazi yake. Pima ni saa ngapi zinapita kabla hujajibu.